Kasha la Kiswere
Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Wavuvi wamefukua kasha la njumu chini ya gofu la Baniani, Kiswere. Ufunguo wake ulikuwa kwenye pindo la khanga ya Bibi miaka yote, na hajasema aliupata wapi. Ndani hamkuwa na dhahabu, bali sanamu ya shaba na daftari lenye jalada la kitambaa chekundu. Nimevifunga kwenye khanga, nimevuka navyo mpaka Unguja, kwa mama mmoja wa Kigujarati…

ENDELEA.

Mama yule wa Kigujarati hakuigusa sanamu upesi. Alinawa mikono, akajifunika kichwa kwa pindo la sari, akawasha utambi ndani ya kibakuli cha samli. Ndipo akafungua fundo. Dirishani kwake, Hurumzi, ulionekana mnara wa rangi wa hekalu la Shiv Shakti, na chini uchochoroni watoto walikuwa wakirudi chuoni na misahafu yao.

Sanamu ilisimama sakafuni baina yetu: mwanamke ndani ya chombo cha bahari, mkuki wa ncha tatu mkononi.

"Vahanvati," alisema. Aliunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Ndiye mnayemwabudu humo hekaluni, Mama?"

"Ni yule yule, kwa jina jingine. Nguvu inayouendesha ulimwengu ni mama, mwanangu. Ndiye Shakti. Bila yeye Shiva mwenyewe hajongei. Akiwa vitani ni Durga, aliyemuua pepo mwenye umbo la nyati. Kule Kutch, India, ni Ashapura, anayetimiza matumaini. Watu humwendea kwa miguu mpaka Mata no Madh. Na wa baharini ni huyu, mlinzi wa vyombo. Kila mwaka, Septemba au Oktoba, tunamkesha usiku tisa. Tunaweka katikati chungu chenye matundu, taa ikiwaka ndani, na wanawake wanakizunguka wakiimba mpaka usiku wa manane."

"Lakini Kiswere hakuna mnara. Hekalu lake lilikuwa wapi?"

"Kashani."

Akanieleza. Wabhatia, wafanyabiashara wa Kihindu wa Mandvi na Mundra, walikuja na pepo za kaskazi, wanaume peke yao, wake zao wakibaki Kutch. Wengi wao walikuwa wafuasi wa Vallabhacharya, mwalimu aliyefundisha kwamba Krishna hufikiwa kwa mapenzi na utumishi. Hata hivyo, mungu wa kike wa ukoo hakuachwa nyumbani. Alisafiri ndani ya kasha, na usiku alitolewa akawashiwa taa katikati ya magunia.

Magunia hayo nayajua kwa masimulizi ya wazee. Mgeni akija kusini huonyeshwa Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa na msikiti wa kale, kisha huambiwa pwani ililala. Haikulala. Karne ya 19 sandarusi ilichimbwa mashambani nyuma yetu, ikateremshwa ghubani kwa vichwa vya watu, ikapimwa kwa frasila. Mizani ilikuwa ya Baniani. Forodha za Sultani wa Zanzibar zilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, na mawakala wake walikaa bandari kwa bandari. Anayesema Wahindi walikuja kuijenga reli tu hajakaa na mzee wa Kiswere hata jioni moja.

"Huyu ana deni," Mama alisema ghafla, macho yake kwenye sanamu.

"Deni gani?"

"Karibu na Porbandar, pale Miani, kuna kilima cha Koyla. Zamani hekalu lake lilikuwa kileleni, na kila chombo alichokitazama kilizama. Jagdu, tajiri wa Kutch, akapoteza vyombo vyake. Akafunga, akamwomba ashuke chini. Mungu akakubali kwa sharti: kila ngazi, nyati mmoja. Jagdu akachinja, akachinja. Nyati wakaisha, ngazi bado zipo."

"Akafanyaje?"

"Akatoa watu wa nyumba yake. Mwisho akajitoa mwenyewe. Mungu akaridhika, akawafufua wote, na tangu hapo anakaa chini ya kilima na kuvilinda vyombo."

Nilinyamaza. Hadithi ilikuwa nzuri, lakini ilinikaa kifuani. Jagdu alipoishiwa alitoa wa kwake. Na Baniani wa Kiswere, aliyefika peke yake, asiye na mke wala mtoto ng'ambo hii, alipoishiwa alimtoa nani?

"Nisomee daftari, Mama."

Alilifungua kwa ncha za vidole. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama nyekundu, ya unga ule wa kwenye mapaji ya nyuso. Alisema daftari jipya halianzi kuandikwa mpaka liwekwe mbele ya Lakshmi siku ya Diwali, na aliyeandika uongo ndani yake amemdanganya mungu, si mdeni wake.

"Samvat 1930," alisoma.

"Haiwezekani. Mwaka 1930 nyumba ile ilikuwa gofu zamani."

"Kalenda ya Vikram iko mbele ya hii yenu kwa miaka 56 au 57. Hapa ni 1873 kuelekea 1874."

Mwili ulinisisimka. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Soko likafungwa kweli, lakini watu hawakuachwa: walipitishwa nchi kavu, kwa miguu, kutoka Kilwa kuelekea kaskazini. Kisha ofisa wa ubalozi wa Kiingereza, Elton, akatembea kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa akiingia nyumba za Wahindi na kuwaandikia uhuru watu aliowakuta wakimilikiwa humo. Daftari hili liliandikwa katika miezi ileile.

Kidole cha Mama kilishuka taratibu. Sandarusi, frasila kadhaa. Pembe. Nguo za kaniki. Kulia waliokopa, kushoto wanaodai. Kikasimama.

"Bibi yako anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Na jina hilo alirithi kwa nani?"

"Kwa bibi yake. Ni somo wake."

Aliisogeza taa karibu. "Maandishi haya ya kibiashara huacha irabu nyingi, nilidhani nimekosea. Sikukosea. Jina hilo liko hapa kulia, pamoja na mali. Msichana wa Kiswere, amewekwa rehani kwa deni la baba yake."

Nilishika ukingo wa mkeka. Kwa hiyo ndivyo ufunguo ulivyofika kwenye pindo la khanga yetu.

"Usilie bado," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Liko mara mbili."

"Mara mbili?"

"Na huku kushoto. Kwa mkono uleule, wino uleule, siku tisa baadaye. Huku wanaandikwa wanaomdai mwenye duka. Na kiasi chake, mwanangu… hiki si kiasi cha mtu kumdai mtu. Ni duka zima, vyombo viwili, na…"

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mjomba, akihema kama aliyetoka mbio.

"Uko wapi? Umeshasomewa?"

"Shikamoo, Mjomba. Ndiyo kwanza tu…"

"Nyamaza unisikilize! Bibi ameingia gofuni tangu alfajiri, amejifungia humo, ana jembe. Hataki mtu asogee. Amesema neno moja tu nikufikishie: upande wa kushoto usisomwe. Na ukisomwa, usikubali kulipwa!"

Nikainua macho. Mama alikuwa ameshageuza ukurasa, na mkono ulikuwa mdomoni.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO