Msalaba wa Malindi

Ewe msomaji, ukifika Malindi utaona ukingoni mwa bahari mnara wa Vasco da Gama, na juu yake msalaba wenye nembo ya Ureno. Wareno, waliokaribishwa hapo kwa wema mwaka 1498, walijiona taifa teule la Mungu. Mwaka 1505 waliiteka Mombasa na kuitia moto. Baadaye wakajenga huko ngome, wakaiita kwa jina la Yesu. Jina hilo halikuwaokoa na hukumu: ngome ilianguka mwaka 1698. Lakini Krapf, aliyemzika mkewe na mwanawe Mombasa mwaka 1844, alikwenda Rabai bila mizinga, na kanisa la huko li hai hata leo. Basi tuipende nchi yetu, tukikumbuka kwamba Mungu hashiki bendera ya mtu, hupima matendo.