Namasagali: Kijiji cha Mtoni Kilichokuwa Bandari



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale, tumezoea katika kurasa hizi kusimulia habari za wafalme na vita. Safari hii tumeona tukizungumzie kijiji kimoja tu, kwani historia ya watu wadogo nayo ni historia, na pengine inatuhusu zaidi.

Ukitoka Jinja ukaufuata mto Naili, ambao Wasoga wanauita Kiyira, ukaelekea kaskazini ukapita Mbulamuti, utafika Namasagali katika wilaya ya Kamuli. Mto hapo ni mpana na umetulia, kando yake mafunjo na mitumbwi ya wavuvi, na nyuma yake mashamba ya mihogo, mahindi na viazi vitamu. Mgeni hatadhani kwamba mahali hapa palikuwa kituo katika safari ya kutoka Mombasa mpaka Misri.

Sababu yake ni mto wenyewe. Kutoka Jinja maji yanashuka kwa maporomoko moja baada ya jingine, na hakuna meli inayoweza kupita. Hata jina la Jinja linatokana na mawe. Lakini karibu na Namasagali maporomoko yanakwisha, na kutoka hapo meli inaweza kwenda mpaka ziwa Kyoga na kuendelea hadi Masindi Port. Basi Waingereza, ambao reli yao kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, walijenga kipande kingine cha reli, maili 61, kutoka Jinja kuyakwepa maporomoko hayo. Kilifunguliwa mwaka 1912 na kikaitwa Reli ya Busoga.

Fikirini safari ya robota moja la pamba siku zile. Linapakiwa melini kwenye bandari ndogo ya Kyoga. Linashushwa Namasagali, linapandishwa garimoshi. Jinja linashushwa tena na kupakiwa meli ya ziwa Viktoria. Kisumu garimoshi lingine, na Mombasa meli ya bahari. Mara tano limebebwa na mabega ya watu kabla halijaondoka Afrika! Na abiria naye vivyo hivyo. Aliyekuwa akienda kaskazini aliteremka Masindi Port, akachukua gari mpaka Butiaba kwenye ziwa Albert, akapanda meli nyingine mpaka Nimule, kisha barabara tena mpaka Juba, na huko akaikuta meli ya kwenda Khartoum. Zilikuwa wiki za safari. Leo kijana akicheleweshwa saa mbili na teksi pale Iganga analalamika mpaka jioni.

Kazi ya kubeba na kushusha ndiyo iliyokifanya kijiji kuwa mji mdogo. Watu wa makabila mbalimbali walikutana hapo, na Kiswahili, lugha ya reli na ya askari, kilikuwa na kazi ya kuwaunganisha.

Sasa tuseme juu ya mali, na hapa tungependa wazazi wasome taratibu.

Katika nchi ya Buganda, mapatano ya mwaka 1900 yaliwapa machifu ardhi ya mailo. Busoga haikupata mailo. Huko mtu alikuwa na kibanja chake chini ya mkuu wa kijiji, na ukoo wake ndio uliosimamia nani arithi. Mpaka wa kibanja ulijulikana kwa mti uliopandwa, kwa kichuguu, na kwa kumbukumbu ya majirani. Mfanyakazi wa reli kwa upande wake alikaa katika nyumba ya reli. Nyumba yake ilikuwa ya ukuta na bati, ya jirani yake ilikuwa ya udongo na nyasi, na bila shaka wengi walimwona wa kwanza kuwa ndiye tajiri. Lakini nyumba ya reli ni ya reli. Kazi ikiisha unakabidhi ufunguo.

Na kazi iliisha. Kwanza ilikuja reli yenyewe. Njia mpya kutoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo ilifika Jinja mwaka 1928, na mwaka uliofuata tawi la Tororo likapita Mbale mpaka Soroti. Mbale, mji uliokua kutokana na makazi ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa na stesheni yake, na pamba ya Teso haikuhitaji tena kuzunguka kwa maji. Mwaka 1931 reli ilivuka Naili pale Jinja na kufika Kampala. Namasagali iliendelea, lakini ilikuwa imeachwa pembeni. Kisha zikaja mvua za mwaka 1961. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa Viktoria lilipanda karibu mita mbili na nusu, Kyoga nayo ikafura, na gati za Namasagali na Butiaba zikaingiwa na maji. Wakati huohuo reli ya kaskazini ilikuwa ikisogea Lira, Gulu na Pakwach. Hakukuwa na sababu ya kuzijenga upya.

Majengo ya bandari hayakupotea. Katikati ya miaka ya 1960 yakawa shule, Namasagali College, iliyopata sifa Uganda nzima, na baadaye Chuo Kikuu cha Busitema kikaweka hapo tawi lake. Reli ya Jinja ndiyo iliyokufa. Waliokuwa na nyumba za reli waliondoka na masanduku yao. Mwenye kibanja alibaki na muhogo wake.

Lakini tusiifanye hadithi hii kuwa tamu kupita kiasi, kwani kibanja nacho kina mitihani yake. Mambo mengi hayakuandikwa. Mzee akifariki, ukoo unamsimika mrithi, mara nyingi mtoto wa kiume, na mabinti na mjane wanabaki wakitazama, hata katika nyumba za Waislamu ambao wanaijua vizuri Suratun-Nisaa na mafungu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu mwenye ardhi ya kimila kupata hati ya umiliki, na inamzuia mume kuuza ardhi ya familia bila idhini ya mkewe. Ni wangapi kati yetu tumeitafuta hati hiyo?

Na mto nao bado haujamaliza. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha maji pale Jinja kilifika mita 13.42, kikapita kidogo kile cha 1964 ambacho kilikuwa mita 13.41. Mialo ya wavuvi ilizama na watu wakahama, wengine wakiwa wamejenga mahali ambapo babu zao walipakimbia miaka ya sitini. Kanuni za mwaka 2000 zinaweka mita 100 kutoka ukingo wa Naili kuwa eneo la hifadhi, lisilolimwa wala kujengwa bila ruhusa, na zinahesabiwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa.

Hivyo basi, mzee mwenye kibanja kinachoishia majini, akitaka leo kuwaandikia watoto wake wasia na mipaka, inambidi kwanza aulize: maji ya mwaka gani? Ya mwaka 1960, ya 1964, au ya 2020? Mafunjo yalipo sasa palikuwa shamba, na kichuguu cha mpakani huenda kiko chini ya maji. Wanaoweza kukionyesha kilipokuwa ni wazee wachache, nao umri umewapita.