Vijia vya Dhahabu vya Kakamega



Mgeni anayeizuru Kakamega, magharibi ya Kenya, hutembezwa kwa miguu msituni. Huonyeshwa mto Isiukhu unavyoporomoka majabalini, kisha hupandishwa kilima cha Lirhanda ili autazame msitu kutoka juu. Ubavuni mwa kilima hicho limo handaki lililochimbwa na watafuta dhahabu zama za ukoloni. Leo wakazi wake ni popo. Mgeni hustaajabu, hupiga picha, akenda zake. Ni vyema ayajue pia yaliyotendeka katika nchi ile.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria juu ya ardhi za Waafrika. Sheria ilitamka kwamba ardhi waliyotengewa ni yao milele. Ikilazimu sehemu yake kutwaliwa, baraza la wenyeji liulizwe kwanza, na wenyewe waongezewe ardhi nyingine mahali pa ile iliyotwaliwa.

Mwaka uliofuata, Mmarekani aitwaye L. A. Johnson aliipata dhahabu Kakamega. Wakati huo biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, na bei ya mahindi pia. Walowezi walioshindwa na mashamba yao wakamiminika huko na masururu na makarai, wakaukoroga mchanga wa vijito. Lakini nchi ile haikuwa pori. Ilikuwa imejaa watu, shamba likipakana na shamba. Kila palipopigwa sururu palikuwa na mwenyewe.

Ndipo Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Sharti la kuliuliza baraza likaondolewa, na fidia ya fedha ikaruhusiwa mahali pa ardhi. Lawama zilisikika hata katika Bunge la Uingereza, lakini marekebisho yakapita. Ile "milele" ilikuwa imedumu miaka miwili tu. Machimbo yakaendelea, na mgodi mkubwa wa Rosterman haukufungwa hadi mwaka 1952.

Wasikilizaji, habari hii si ngeni kwetu Burundi. Huko Butihinda, upande wa Muyinga, dhahabu huchimbwa katika vilima wanamokaa na kulima watu. Na Kakamega kwenyewe, katika karne hii makampuni yamerudi kuitafuta dhahabu upya. Swali ni lile lile la mwaka 1932: anayelima juu ya dhahabu apewe nini, na nani amuulize kwanza?

Fedha huhesabiwa siku moja, nayo huisha. Shamba humlisha baba, mwana na mjukuu. Kwa hiyo sheria ya ardhi haipimwi siku inapotungwa, wakati ambapo hakuna anayeitamani ardhi ile. Hupimwa siku dhahabu inapoonekana. Handaki la Lirhanda lingali wazi. Anayepita kijia kile na aingie akilijua hilo.