Super Mario Bros. Deluxe

Super Mario Bros. Deluxe ni mchezo wa video wa kampuni ya Kijapani ya Nintendo, uliotengenezwa kwa ajili ya Game Boy Color, mashine ndogo ya michezo inayotumia betri na kushikwa mkononi. Ulianza kuuzwa Marekani na Ulaya mwaka 1999. Nchini Japani ulifika mwaka 2000 kwa njia tofauti: mteja alikwenda dukani na kaseti maalumu inayoweza kuandikwa upya, akalipa, na mchezo ukanakiliwa ndani yake.

Mchezo huu ni toleo jipya la Super Mario Bros. wa mwaka 1985. Hatua zote 32 za mchezo wa awali zimo, nazo zimepangwa karibu tofali kwa tofali kama zilivyokuwa. Kilichopungua ni skrini, na upungufu huo peke yake umeupa mchezo ugumu wa aina nyingine.

Mchezo wa awali

Super Mario Bros. ulitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985 kwa ajili ya Famicom, mashine iliyounganishwa na televisheni ambayo nje ya Japani iliitwa Nintendo Entertainment System, kwa kifupi NES. Wabunifu wake ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Muziki ni wa Koji Kondo. Mchezaji humwongoza Mario, mwanamume mfupi mwenye masharubu, anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia akiruka mashimo, mabomba na maadui ili amwokoe binti mfalme aliyetekwa na Bowser. Kuna dunia 8, kila moja ina hatua 4, na hatua ya nne daima ni kasri. Yote hayo, pamoja na picha na muziki, yalienea katika kaseti ya kilobaiti 40 tu, ambazo leo ni chache kuliko zile za picha moja iliyopigwa kwa simu.

Kazi kubwa ya mchezaji ni kuruka, na kabla ya kuruka hupima kwa macho: shimo lina upana gani, ng'ambo kuna nini, adui amefika wapi. Kwa sababu hiyo sehemu ya njia inayoonekana mbele ya Mario si pambo. Ndiyo rula ya mchezaji.

Tofauti ya skrini

Picha ya NES ina pikseli 256 kwa upana na 240 kwa kimo. Ya Game Boy Color ina 160 kwa 144. Jambo hili hueleweka vizuri zaidi likihesabiwa kwa matofali. Tofali moja la mchezo huu ni mraba wenye pikseli 16 kila upande. Kwenye televisheni huenea matofali 16 kwa upana na 15 kwa kimo, jumla 240. Kwenye Game Boy Color huenea 10 kwa 9, jumla 90. Mchezaji wa Deluxe basi anaona asilimia 37.5 tu ya kile alichokiona mchezaji wa mwaka 1985.

Nintendo ingeweza kuzipunguza picha zenyewe ili mandhari yote yaenee, lakini Mario angekuwa mdogo mno kwenye skrini ambayo tayari ni ndogo. Badala yake, picha ziliachwa na ukubwa wake na mchezaji akaonyeshwa sehemu tu ya mandhari.

Matokeo yake yanaweza kupimwa. Akikimbia kwa kasi ya juu, Mario hupita takribani pikseli 150 kwa sekunde. Kama yuko katikati ya skrini ya Game Boy Color, shimo linalochomoza ukingo wa kulia humfikia baada ya nusu sekunde hivi. Kwenye televisheni angepata zaidi ya robo tatu ya sekunde. Kama kinachochomoza ni adui anayekuja upande wake, muda hupungua zaidi.

Kwenda juu pia kuna shida. Katika hatua ya kwanza kabisa kuna safu mbili za matofali yanayoelea, moja juu ya nyingine. Mario aliyekwisha kula uyoga akawa mkubwa, akisimama juu ya safu ya juu, yeye na adui anayetembea ardhini chini yake wanahitaji nafasi ya matofali 10 kwa kimo. Skrini inabeba 9. Anayeruka kutoka pale huweza kumwangukia adui asiyemwona.

Ili kupunguza tatizo hilo, watengenezaji walimruhusu mchezaji kusogeza picha juu au chini kwa kitufe chenye umbo la msalaba. Inasaidia unaposimama. Katikati ya mruko, maadui wakisogea na saa ikihesabu kurudi nyuma, haisaidii sana. Mchezaji aliyeukulia mchezo wa awali hasumbuki kiasi hicho, kwa kuwa anatembea kama mtu aliye nyumbani kwake usiku. Mgeni ndiye anayepoteza maisha mengi.

Yaliyoongezwa

Mchezo wa awali haukuweza kuhifadhi chochote: mashine ikizimwa, kila kitu kilianza upya. Aliyeishiwa maisha naye alirudishwa dunia ya kwanza, isipokuwa kama alijua kushikilia kitufe cha A anapobonyeza cha kuanzia. Deluxe huhifadhi maendeleo, jambo la lazima kwa mashine inayochezwa safarini.

Ipo pia sehemu ya changamoto. Mchezaji huzirudia hatua zilezile akitafuta sarafu 5 nyekundu na yai la Yoshi lililofichwa, na kufikisha idadi fulani ya pointi. Nyongeza hii ina thamani kuliko inavyoonekana, kwa sababu anayetafuta yai hulazimika kuichunguza hatua polepole, kona kwa kona, na hivyo kujifunza ile njia ambayo skrini ndogo inamficha.

Akifikisha pointi 100,000 hufunguliwa mashindano ya mbio dhidi ya mzimu aitwaye Boo, ambaye kuta hazimzuii. Wachezaji wawili wanaweza pia kushindana kwa kuunganisha mashine zao kwa waya.

Kwa pointi 300,000 hufunguka mchezo mwingine mzima: Super Mario Bros. 2 wa Kijapani wa mwaka 1986, maarufu kwa ugumu wake. Hata hivyo haukuletwa kamili. Upepo unaomsukuma Mario hewani umeondolewa, dunia za ziada baada ya ile ya 8 hazimo, na Luigi, ambaye awali aliruka juu zaidi na kuteleza, hapa hana tofauti na Mario.

Matoleo mengine

Mwaka 1993 mchezo wa 1985 ulikuwa umechorwa upya kwa ajili ya televisheni katika mkusanyiko wa Super Mario All-Stars. Mwaka 2004 Nintendo iliutoa tena kwa Game Boy Advance, yenye skrini ya pikseli 240 kwa 160. Safari hii picha ilibanwa kwa kimo, hivyo Mario anaonekana mnene kidogo, lakini karibu njia yote inaonekana. Kwa anayetaka kuruka kama wachezaji wa 1985, toleo hilo liko karibu zaidi na asili kuliko Deluxe, ingawa halina nyongeza zake.

Deluxe yenyewe ilirudishwa sokoni mwaka 2014 kwa njia ya intaneti kwa ajili ya mashine ya Nintendo 3DS.