Shiva: Matanga ya Siku Saba

Shiva ni maombolezo ya siku saba ambayo Wayahudi hukaa nyumbani baada ya maziko. Kwa Kiebrania neno hilo humaanisha "saba". Wanaowajibika ni watu wa karibu tu: wazazi, watoto, ndugu, na mume au mke wa marehemu. Huketi kwenye viti vifupi, hawanyoi, hawavai viatu vya ngozi wala hawaendi kazini. Mlo wa kwanza baada ya maziko huletwa na majirani, mara nyingi mayai na dengu, kwani mfiwa hatakiwi kula chakula chake mwenyewe. Anayekwenda kuhani hukaa kimya mpaka mfiwa aanze kusema. Kaddish, sala ya kumtukuza Mungu ambayo haitaji kifo hata mara moja, haisomwi mpaka watimie watu wazima 10. Hivyo hata jirani asiyemjua marehemu huitwa.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuchagua. Msiba ni mpana mno, eda humhusu mwanamke aliyefiwa na mume au kupewa talaka, na hitima ni kisomo. Matanga ndiyo yanayokaribia zaidi, kwa kuwa ni mkusanyiko, na kwa kuwa hukaliwa: Kiebrania nacho husema "kukaa shiva". Ila pwani matanga kwa kawaida ni ya siku tatu, kwa hiyo inafaa kutaja "matanga ya siku saba" angalau mara ya kwanza.

Kitenzi "kuanua", yaani kumaliza matanga, nacho kinafaa, kwa sharti kwamba anayeanua anaweza kuwa kalenda, si wenye msiba. Jambo hili huonekana hasa katika Yamim Noraim, Siku za Kicho, yaani siku 10 za kujihoji na kutubu kuanzia Rosh Hashanah, Mwaka Mpya, hadi Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Maziko yakifanyika kabla ya Mwaka Mpya na wafiwa wakakaa japo saa moja, matanga huanuliwa sikukuu inapoingia. Kisha Yom Kippur hufuta sheloshim, maombolezo mepesi ya siku 30. Talmudi hueleza kwamba wajibu wa umma hushinda wa mtu binafsi. Sheria kali, bila shaka, lakini haimwachi mfiwa peke yake: siku hiyohiyo ya Yom Kippur, masinagogi mengi husoma Yizkor, dua ya kuwakumbuka wafu, ambayo chimbuko lake huhusishwa na mauaji ya Wayahudi wa bonde la Rhine mwaka 1096. Aliyefiwa na mzazi huendelea na baadhi ya miiko hadi miezi 12 itimie.