Marburg: Maradhi yanayoimaliza nguvu ya damu kuganda

Homa ya Marburg ni maradhi ya virusi yanayovuruga kuganda kwa damu. Wagonjwa wawili waliofariki nchini Kenya, mwaka wa 1980 na 1987, walikuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, kaskazini magharibi mwa Eldoret.

Virusi hivyo huchochea damu kuganda ovyo katika mishipa midogo mwilini. Chembe za kugandisha damu hupungua mno, nalo ini lililodhurika hushindwa kuunda protini za kazi hiyo. Ndipo mgonjwa huvuja damu puani, kwenye ufizi na tumboni.

Aspirini huzidisha hatari hiyo. Anayeshikwa na homa kali baada ya kuingia pango lenye popo sharti awahi hospitalini na kumweleza daktari alikokuwa.