Kitanda na Maadui wa Usiku

Msomaji, kabla hujazima taa usiku wa leo, kitazame kidogo kitanda chako. Miguu yake minne inakuinua kutoka sakafuni; godoro linakutenga na mbao au chuma; shuka inakufunika, na huenda chandarua kimening'inia juu ya kichwa chako. Vitu hivi twaviona kila siku hata tumeacha kuvishangaa. Twadhani ya kuwa viliwekwa hapo ili kutustarehesha tu, na ya kuwa watu wa kale, kwa kuwa hawakuwa na starehe hizo, walijilaza popote usingizi ulipowakuta. Dhana hiyo si ya kweli. Mtu alalapo hajilindi: macho yamefumba, masikio yamelegea, na mikono haina kazi. Kwa hiyo vitu vingi tuviitavyo leo raha za chumbani vilianza kuwa silaha, na raha ilifuata nyuma.

Ushahidi wa kwanza umetoka chini ya ardhi. Karibu na mpaka wa Afrika Kusini na Eswatini pana pango liitwalo Border Cave. Mwaka wa 2020 wataalamu waliokuwa wakichimba humo walitangaza ya kuwa wamekuta tabaka za nyasi zilizotandikwa makusudi, ili watu wazilalie, yapata miaka 200,000 iliyopita. Nyasi hizo hazikutandikwa juu ya ardhi tupu. Chini yake palikuwa na majivu. Kwa nini majivu? Wataalamu wanafikiri ya kuwa yaliwekwa kuwazuia wadudu watambaao, maana mdudu apitapo katika majivu hukwama, hukauka, hata akafa. Wazo hilo si geni kwetu. Mama wengi wa mashambani huchanganya majivu na maharagwe yao ghalani ili yasiliwe na wadudu, wala hawakufundishwa hayo na mtaalamu yeyote.

Pango jingine liitwalo Sibudu, upande wa kaskazini wa mji wa Durban, lilitupa habari nyingine mwaka wa 2011. Humo watu walitandika majani ya mtoni yapata miaka 77,000 iliyopita, na juu yake wakaweka majani ya mti mmoja ulio jamaa moja na mdalasini na mparachichi. Majani hayo yana dawa ya kuwafukuza wadudu, na mbu pia. Tena baadaye wakaaji wa pango hilo walikuwa na desturi ya kuchoma matandiko yaliyochakaa na kutandika mapya. Zingatia jambo hilo, msomaji: watu hawa hawakuwa na chuma, wala chungu, wala ng'ombe, lakini walijua kutandika kitanda na kukisafisha.

Walakini mdudu hakuwa adui wa pekee. Palikuwa na simba, na chui, na watu wabaya. Mtu asiye na mlango wa kufunga atalalaje? Jibu moja limepatikana kwa Wahadzabe, wawindaji wakaao kando ya Ziwa Eyasi katika Tanzania. Watafiti waliwavika watu wazima 33 vifaa vidogo vya kupima usingizi kwa muda wa siku 20, na habari zake zikatolewa mwaka wa 2017. Ilionekana ya kuwa katika siku hizo zote, wakati ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wakati mwingine wote palikuwa na mtu aliye macho au aliyelala usingizi mwepesi. Wala hapana aliyepangiwa zamu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana wakachelewa kulala na kuchelewa kuamka, na hivyo kambi ikawa na walinzi usiku kucha pasipo mtu kuamrishwa. Basi umsikiapo babu akikohoa na kupepesuka ukumbini kabla ya alfajiri, usikasirike sana. Huenda kwa maelfu ya miaka kikohozi kama hicho ndicho kilichowalinda wajukuu.

Watu walipoanza kujenga nyumba na kuwa na wafalme, kitanda nacho kiliinuka. Mwaka wa 1925, huko Giza katika nchi ya Misri, lilifunguliwa kaburi la malkia Hetepheres, mama yake Khufu, mfalme aliyejengewa lile piramidi kubwa. Humo mlikuwa na kitanda na kiegemeo cha kichwa, pamoja na nguzo za mbao zilizofunikwa kwa dhahabu ambazo ziliweza kuungwa zikawa kama kibanda cha kutundikia mapazia. Malkia huyo aliishi zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Pazia lile lilimsitiri machoni pa watu, na yawezekana pia lilimkinga na mbu wa Mto Nili. Habari za maskini wa Misri tumeachiwa na Myunani Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Anasema ya kuwa watu wa sehemu za kinamasi walikuwa na nyavu za kuvulia samaki. Mchana walizitumia majini, na usiku walizitandaza juu ya vitanda vyao, wakajipenyeza chini yake na kulala. Malkia alikuwa na dhahabu na mvuvi alikuwa na wavu, na aliyewasumbua wote wawili, nafikiri, alikuwa yule yule.

Kiegemeo cha kichwa nacho si cha Misri tu. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka wa 1922, vilikutwa kadha wa kadha, na kimoja kilichongwa kwa pembe ya ndovu. Hapa kwetu, Mturkana huchonga chake kwa mti, hukichukua mkononi aendako na mifugo, mchana hukikalia na usiku hukilalia. Mtu aliyezoea mto wa pamba ataona ni mateso. Lakini mwanamume wa Kiturkana aliyesuka nywele zake na kuzipaka udongo kwa kazi ya siku nzima hakutaka ziharibike kwa usingizi wa usiku mmoja.

Sasa tushuke pwani, maana huko sanaa ya kulala ilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene, hata joto la mchana lilichelewa kupenya. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti haziwezi kuwa ndefu kupita kiasi, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Chumba kimoja kilifuata nyuma ya kingine, na kila ulipoingia zaidi ndipo palipozidi utulivu na giza, hata ukafika mahali paitwapo ndani, ambapo mgeni hakufika. Hewa na mwanga vilitoka kwenye kiwanda, yaani ua ulio wazi katikati ya nyumba, wala si dirisha la njiani. Katika ncha za vyumba hivyo virefu ndipo vilipowekwa vitanda, na pazia likashushwa mbele yake.

Kitanda chenyewe kilikuwa na matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Hapakuwa na mbao za kulalia. Kiliwambwa kwa kamba za nazi au za miyaa. Hekima yake ni kwamba upepo ulipita chini na juu ya mwili wa mlalaji, jambo kubwa katika miezi ya kaskazi. Ubaya wake ni kwamba kamba hulegea, na mtu huamka akiwa amezama katikati kama aliye ndani ya mtumbwi. Ndiyo maana kitanda cha namna hii kikapewa jina la mzaha, teremka tukaze: aliyelala ashuke kwanza, kamba zivutwe, kisha alale tena. Matajiri walikuwa na samadari zilizonakshiwa, ndefu za miguu hata mtu alihitaji kibao cha kupandia, na juu yake magodoro na mito ya usufi. Shuka zilifukizwa udi, na maua ya asumini yakatawanywa juu ya mto. Wengine watasema ya kuwa hayo ni anasa tu. Mimi siwezi kuyadharau, kwa maana harufu njema iliyozoewa kila usiku huuambia mwili ya kuwa kazi imekwisha.

Mtu wa kawaida alilala juu ya mkeka wa ukindu. Baharia na msafiri alikuwa na fumba, mkeka ulioshonwa mfano wa mfuko, akaingia ndani yake mzima mzima, mbu asipate mahali pa kumuuma. Joto lake sisemi! Na wote, tajiri na maskini, walikuwa na kunguni, adui asiyejali daraja ya mtu. Dawa yake ilikuwa kukitoa kitanda uani, kukimwagia maji ya moto penye viungo vyake, na kukiacha juani. Mswahili aliyesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake alitaka kufundisha habari za shida za watu, lakini alianza na jambo ambalo kila msikilizaji alilijua kwa ngozi yake.

Usiku wa pwani ulikuwa na taa hafifu za mafuta, hata mwaka wa 1908 Mombasa ilipopata kampuni ya umeme. Watu wengi hudhani ya kuwa kabla ya umeme watu walilala mara tu jua lilipokuchwa. Sivyo. Wahadzabe, pamoja na watu wengine wawili wasiotumia umeme, mmoja wa Namibia na mmoja wa Bolivia, walipopimwa na habari zao kutolewa mwaka wa 2015, ilionekana ya kuwa hukaa wakizungumza motoni kwa saa tatu na zaidi baada ya jua kuchwa. Lakini moto ni mwekundu na hafifu. Taa nyeupe, na kioo cha simu kilichoshikwa karibu na uso, huuchelewesha mwili kutoa melatonini, ile kemikali iutangaziayo ya kuwa usiku umeingia.

Umeme haukumtisha mbu, naye ndiye aliyeua wengi kuliko simba na chui wote. Kwa karne nyingi watu walidhani ya kuwa homa ya malaria hutokana na hewa mbaya ya usiku, hata jina lenyewe lina maana hiyo katika Kiitaliano. Waliziba madirisha kwa kuogopa hewa, na pengine walipona, ingawa sababu waliyoitaja haikuwa kweli. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika Bara Hindi, daktari wa jeshi aitwaye Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Wengi hawakusadiki. Ndipo Patrick Manson, mwalimu wake, akafanya jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Mwaka wa 1900 aliwapeleka madaktari Sambon na Low kukaa karibu na Ostia katika Italia, mahali palipojulikana kwa homa kali. Walikaa katika kibanda cha mbao ambacho milango na madirisha yake yamezibwa kwa wavu wa waya. Mchana walitembea watakapo kama wenyeji. Jua lilipokaribia kuchwa waliingia ndani, wasitoke hata kumekucha. Hawakula kwinini. Hewa ya usiku iliyoogopwa waliivuta kila siku, kwa kuwa wavu hauzuii hewa. Majirani zao waliugua, wao hawakuugua. Wakati huo huo mbu waliokwisha kuambukizwa katika Italia walipelekwa London, wakamwuma mtoto wa Manson kwa hiari yake mwenyewe, naye akashikwa na homa.

Tokea hapo chandarua kilikuwa na hoja iliyo wazi, lakini miaka karibu 100 ilipita kabla ya watoto wa Afrika kufaidika ipasavyo. Kati ya mwaka wa 1993 na 1995, katika Kilifi, vijiji kadhaa vilipewa vyandarua vilivyochovywa katika dawa ya kuulia wadudu, na vijiji vingine vikangojea. Hesabu ilipofanywa, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano katika vijiji vyenye vyandarua vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa 44 katika kila 100. Mwaka wa 2006 Serikali ya Kenya iligawa bure vyandarua zaidi ya milioni 3 kwa ajili ya watoto wadogo. Wako kati yenu msomao insha hii ambao mlilala chini ya vyandarua vya serikali mngali wachanga, wala hamkumbuki.

Mbu naye hakukaa bure. Wengine wamezoea dawa ile ya kwanza, na kwa hiyo mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vyenye dawa mbili tofauti kwa mahali ambapo moja haitoshi. Mbu waletao malaria kwetu huuma hasa usiku wa manane, wakati mlalaji hana habari. Kwa hiyo upindo wa chandarua hupasa kufichwa chini ya godoro pande zote nne, na mtu alalaye ubavu asiache kiwiko chake kigusane na wavu, kwa maana mbu hahitaji tundu. Humwuma kwa nje.